Majirani wa Askofu: Niliyojifunza kwa Maisha ya David Gitari

Usiku mmoja wa Aprili mwaka 1989, genge la watu lilivamia nyumba ya Askofu David Gitari wa Kanisa la Anglikana hapa kwetu Kirinyaga, naye akapanda juu ya paa na kupiga mayowe mpaka majirani wakaamka, wakaja, na wavamizi wakatoroka. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na minne. Habari ilitufikia katika kituo cha kupimia majani chai, ambako wanawake walikuwa wametua vikapu vyao lakini hakuna aliyejali zamu yake kwenye mizani, na nakumbuka kwamba mama yangu aliposikia aliuliza swali moja tu: ni nani waliokuja? Nilidhani anauliza kuhusu wavamizi. Miaka mingi ilipita kabla sijang'amua kwamba alikuwa akiuliza kuhusu majirani.

Tangu Baba Askofu alipofariki, tarehe 30 Septemba 2013, nimesikia akikumbukwa mara nyingi, na karibu kila mara kinachokumbukwa ni mimbari. Ni haki yake. Alizaliwa mwaka 1937 katika kijiji cha Ngiriambu, mwana wa mwinjilisti, na alikuwa Katibu Mkuu wa Chama cha Biblia cha Kenya wakati mbunge J. M. Kariuki alipouawa mnamo Machi 1975. Wakenya wengi waliogopa hata kulitaja jina la marehemu kwa sauti, lakini Gitari, aliyekuwa na zamu ya kutoa mahubiri mafupi ya asubuhi redioni, alilirudia taifa zima swali ambalo Mungu alimwuliza Kaini juu ya Habili ndugu yake. Julai ya mwaka huo huo, ambao pia ndio mwaka niliozaliwa mimi, aliwekwa wakfu kuwa askofu wa Dayosisi ya Mount Kenya East. Mama alikuwa akiniambia kwamba mimi na askofu tulianza kazi pamoja, ila askofu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuijua kazi yake ilikuwa ipi.

Walioishi miaka ya themanini hawahitaji kuelezwa mlolongo. Kwa vijana, inafaa niseme kwamba mwaka 1986 chama cha KANU, kilichokuwa chama pekee, kiliamua kwamba katika uteuzi wa wagombea wa ubunge wapigakura wasipige kura ya siri, bali wajipange mstari hadharani nyuma ya mgombea wao, na kwamba aliyepata asilimia 70 au zaidi achukuliwe kuwa amekwisha kushinda. Gitari alilipinga jambo hilo tangu mwanzo. Mwaka 1987 alihubiri kutoka kitabu cha Danieli, akionyesha jinsi watawala wanavyoweza kutunga sheria kwa ajili ya kumnasa mtu mmoja mwaminifu, na ghadhabu ya wanasiasa ikamwakia kwa majuma mengi, magazetini na majukwaani. Uteuzi ulipofanyika mapema mwaka 1988, baba yangu alisimama uwanjani kwa saa nyingi katika mstari ambao, kwa macho yake na ya kila mtu aliyekuwapo, ulikuwa mrefu kuliko mwingine kwa mbali. Jioni redio ilitangaza kwamba mstari mfupi ndio ulioshinda. Baba alizima redio, akaenda kukata nyasi za ng'ombe gizani, na hakulizungumza jambo hilo nyumbani mpaka Desemba 1990, chama kilipokubali kuuacha mlolongo.

Kwa hiyo sina nia ya kuyapunguza mahubiri yale. Ninachotaka kusema ni kwamba mahubiri yale yalikuwa na mizizi, na mimi nililelewa katika nyumba ambayo mizizi ile ilipita.

Dayosisi aliyokabidhiwa Gitari ilianzia kwenye mashamba ya chai na kahawa ya Kirinyaga na Embu, ikapita Meru na Isiolo, ikaenda hadi Marsabit na mpaka wa Ethiopia, ambako watu wanahama na ngamia wao. Mtu angeweza kuitawala nchi kama hiyo kwa barua. Yeye alianzisha chuo cha kuwafunza wachungaji pale Kabare, akasimamisha idara ya huduma za jamii iliyoshughulika na afya, maji na kilimo, na akasisitiza kwamba Injili inayojali roho peke yake na kuuacha mwili ukiugua haijakamilika. Wahudumu wa afya wa vijijini walifundishwa kutokana na mstari mmoja wa Luka, unaosema kwamba Yesu alizidi kuendelea katika hekima na kimo, akimpendeza Mungu na wanadamu. Mama yangu, ambaye aliiacha shule akiwa darasa la nne, aliweza kuufafanua mstari huo kwa namna ambayo sijasikia kwa msomi yeyote: hekima ni mtoto kwenda shule, kimo ni mtoto kula akashiba, kumpendeza Mungu ni sala, na kuwapendeza wanadamu ni kutochimba choo chako karibu na kisima cha mwenzako.

Mama alichaguliwa kuwa mhudumu wa afya mwaka 1983. Neno kuchaguliwa nalitumia kwa maana yake kamili, kwa sababu kanisa halikumteua. Waliomteua ni watu wa kijiji, wakiwa wameketi nyasini nyuma ya kanisa, wakiwamo Wakatoliki na wasioenda kanisani kabisa, kwa kuwa ilikwisha kukubaliwa kwamba kuhara hakuulizi mtu amebatizwa wapi. Hakulipwa mshahara. Alipewa sanduku la mbao lenye vitambaa, dawa ya vidonda na mizani ya kuning'iniza watoto, pamoja na daftari la kurasa 96 ambalo alilichora mistari mwenyewe kwa rula niliyokuwa nikiitumia shuleni.

Daftari hilo ninalo mpaka leo. Kila nyumba ina mstari wake, na kila mstari una vyumba vitano: choo, kichanja cha kukaushia vyombo, maji ya kunawa, chanjo, na cha mwisho ambacho hakuna mkufunzi aliyemwagiza akichore, kilichoandikwa kwa mkono wake mzito neno moja, "habari". Humo ndimo alimoandika mambo ambayo fomu za wataalamu hazina pa kuyaweka. Nyumba fulani, mume amerudi kutoka Mwea bila pesa. Nyumba fulani, nyanya haoni vizuri, mtoto ndiye anayepika. Nyumba fulani, hawasemezani na wa juu yao kwa sababu ya mti. Kila mwezi alizizunguka nyumba zote sitini na tatu kwa miguu, na kila mwezi alianza na kile chumba cha tano. Aliamkia, akaketi, akauliza habari, akanywa chai aliyopewa hata kama ilikuwa ya tano siku hiyo, na mpaka hapo hakuwa amekitaja choo. Nikiwa mtoto niliona kwamba anapoteza muda.

Lipo jambo lingine ambalo lilimgusa Babu yangu mzaa baba. Babu alikuwa na wake wawili. Aliwaoa wote wawili kabla ya kuisikia Injili, akaiamini akiwa mtu mzima, na kwa zaidi ya miaka ishirini aliketi benchi la nyuma kanisani kila Jumapili bila kubatizwa, kwa kuwa sharti la kanisa lilikuwa amwache mke mmoja. Alisema hawezi kumfukuza mwanamke aliyemzalia watoto sita ili yeye aingie mbinguni. Gitari alikuwa ameshughulika na swali hilo kwa muda mrefu, na katika mkutano wa maaskofu wa Kianglikana wa Lambeth mwaka 1988 alikuwa mstari wa mbele kulitetea azimio lililokubaliwa kwamba mwanamume wa namna hiyo abatizwe pamoja na wake zake na watoto wake walioamini, asilazimishwe kumwacha mke yeyote, maadamu ameahidi kutooa mwingine na jumuiya yake ya Kikristo imeridhia. Babu alibatizwa mwaka uliofuata, nyanya zangu wawili wakisimama kuume na kushoto kwake, wote wamevaa vitambaa vyeupe vya kichwa vilivyokatwa katika kipande kimoja cha nguo. Kasisi aliwauliza waumini kama wanaridhia, na jibu lao lilitoka kwa kishindo mpaka Babu akaziba masikio. Nalitaja hili kwa sababu linaonyesha mahali ambapo askofu aliyapata maswali yake. Hakuna aliyeweza kulipeleka suala la Babu mbele ya maaskofu wa dunia kama hakuwahi kuketi na wazee wa benchi la nyuma.

Nirudi sasa kwenye usiku ule wa paa. Kwa desturi yetu, mayowe ya usiku hayahitaji mwaliko. Anayeyasikia huchukua panga na kutoka. Lakini mwaka 1989 haukuwa mwaka wa kawaida. Askofu alikuwa ametajwa majukwaani kuwa adui wa serikali, vijana wa chama walikuwa wakitembea na fimbo masokoni, na kila mtu alimjua mtu aliyepoteza leseni ya duka au kazi ya ualimu kwa sababu ya kusalimiana na asiyepaswa kusalimiwa. Katika mwaka wa namna hiyo, kuyasikia mayowe na kujifanya umelala lilikuwa jambo rahisi, na kesho yake hakuna ambaye angekulaumu kwa sauti. Majirani hawakulala. Siwezi kuwasemea kilichokuwa moyoni mwa kila mmoja wao gizani, ila najua kwamba walikuwa wakimwitikia mtu ambaye kwa miaka kumi na minne watu wake walikuwa wakizipitia nyumba, wakiuliza habari. Ndiyo maana Mama aliuliza ni nani waliokuja. Alikuwa akitafuta kujua kama kazi ile ilikuwa imeshika.

Somo hili nililipata kwa njia ya aibu. Mwaka 2004, baada ya kufanya kazi ya ukarani mjini kwa miaka kadhaa, nilirudi nyumbani nikachaguliwa kuwa katibu wa mradi wa maji wa kijiji. Tulikusudia kuyatoa maji kwenye kijito kilicho karibu na msitu na kuyateremsha kwa mabomba, kwa nguvu ya mteremko tu, mpaka nyumba 140. Niliichukua kazi hiyo kwa bidii niliyofundishwa ofisini. Niliandika barua kwa mashine, nikaipigia muhuri, nikaorodhesha ajenda saba, nikamwalika afisa wa maji na nikakodi viti. Siku ya mkutano walikuja watu kumi na mmoja, na wanne kati yao walikuwa wanakamati. Afisa alitazama saa yake, akasema kwa upole kwamba huenda wananchi wetu hawajawa tayari kwa maendeleo, na mimi nikamkubalia.

Jioni nilimweleza Mama kwa uchungu jinsi watu wa kijiji chetu walivyo wagumu. Alikuwa akichambua maharagwe kwenye ungo, na hakuinua macho.

"Umewaandikia barua watu ambao hujawaamkia," alisema.

Kisha akaenda chumbani kwake, akarudi na daftari.

Nilitumia majuma matatu kuzipita nyumba. Nilidhani ninakwenda kuueleza mradi, nami nikajikuta ninaelezwa. Watu wa upande wa juu walihofu kwamba bomba likipita kwenye mashamba yao watanyang'anywa ardhi, kwa kuwa waliwahi kuambiwa barabara itapita na ikapita bila fidia. Watu wa chini waliamini kwamba wa juu watafungulia maji yote kwa ajili ya kumwagilia mboga za kuuza. Ukoo mmoja haukutaka kuketi na mwingine, na chanzo chake kilikuwa ule mti ambao Mama aliuandika kwenye chumba cha tano miaka ishirini kabla, mgumo uliokatwa mpakani bila kuulizana. Hakuna ajenda yangu hata moja kati ya zile saba iliyoyagusa mambo hayo. Wazee wawili walipatanishwa kwanza, kwa chai na kwa miche mitano ya miti iliyopandwa mpakani kwa mikono ya pande zote mbili, na baada ya hapo tukaitisha mkutano bila viti vya kukodi. Watu walisimama mpaka nje ya ua. Mwaka uliofuata tulichimba mtaro kwa zamu, kila nyumba urefu wa hatua ishirini, na wenye kuumwa walichimbiwa na wengine bila mtu kuagiza.

Sidhani kwamba njia hii inafaa kupambwa kupita kiasi, maana inachosha na inakula muda. Zipo nyumba nilizozirudia mara tano na bado zikakataa, na mradi wetu una deni na magomvi yake mpaka leo. Pia kuketi na watu hakumfanyi kiongozi akubaliwe na wote, jambo ambalo Gitari mwenyewe alilionja hata ndani ya kanisa. Alikuwa Askofu Mkuu kuanzia mwaka 1997 hadi 2002, na katika miaka hiyo alikuwa miongoni mwa viongozi wa dini waliokutana Ufungamano, Nairobi, kuanzia Desemba 1999, Wakristo, Waislamu na Wahindu pamoja, kudai kwamba katiba mpya iandikwe na wananchi na si wabunge peke yao. Katiba hiyo ilipofika kwenye kura ya maoni, Agosti 2010, viongozi wengi wa makanisa waliwataka waumini waikatae kwa sababu ya mahakama za Kadhi na kifungu kinachohusu utoaji mimba. Gitari, wakati huo mzee mstaafu, alisimama hadharani kuiunga mkono. Kanisani kwetu maneno yalikuwa makali, na wapo waliosema kwamba mzee amepotoka. Mimi binafsi nilisumbuka, kwa sababu nilimheshimu kasisi wangu na hoja zake hazikuwa za kijinga. Mama hakusumbuka. Alisema kwamba mtu aliyeuona mstari mfupi ukishinda ule mrefu hawezi kuambiwa akatae kuandikiwa haki zake, naye akaenda kupiga kura ya siri akiwa amevaa sare yake ya Muungano wa Akina Mama.

Habari ya kifo cha Baba Askofu ilitufikia siku ya Jumatatu. Nilikuwa na simu mkononi na nikajitolea kuwapigia wenzake Mama, wale wahudumu wa afya wa mwaka 1983 waliokuwa bado hai, ambao walikuwa wamebaki watatu. Mama alikataa. Alisema habari kama hiyo haipigiwi simu, akavaa viatu vyake vya kanisani, akachukua fimbo, nasi tukatoka. Alikuwa na miaka sabini na minne, magoti yamemwisha, na mteremko ulikuwa na utelezi. Katika nyumba ya kwanza tuliketi, tukanywa chai, akauliza habari za mahindi na za mjukuu aliyekuwa akingojea matokeo, na baada ya hayo ndipo alipolisema jambo lililotuleta. Nyumba ya pili, vivyo hivyo.

Nyumba ya tatu ilikuwa ya mama mmoja aliyepooza upande wa kulia. Alipoambiwa alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akaomba tufunge kwa ile baraka tunayoitumia mwishoni mwa ibada ya Meza ya Bwana, iliyoandikwa Kenya miaka ile ya themanini na kamati ambayo Gitari aliisimamia. Anayeijua anajua kwamba haisemwi kwa mdomo peke yake. Kiongozi anataja shida zetu zote, na waumini wanazirusha kwa mkono kuelekea msalabani. Anataja magumu yetu yote, wanayarusha. Anataja kazi zote za shetani, wanazirusha. Na anapotaja matumaini yetu yote, mikono yote miwili inainuka juu, kwa kuwa yanawekwa kwa Kristo aliyefufuka. Mwenyeji wetu alianza kuongoza kwa sauti ambayo maneno yake yalikuwa yakikwama. Mara tatu mkono wake wa kushoto ulienda kuelekea ukutani, palipokuwa na msalaba mdogo wa mbao juu ya kalenda ya kiwanda cha chai. Ilipofika mara ya nne, mkono wa kushoto uliinuka na wa kulia ukabaki mapajani, na Mama, bila kuacha kuitikia, alisogea kwenye benchi, akaushika kwenye kifundo, akauinua pamoja na wake.